Mbwa wa Mama Lucy na Usinga wa Mzee Mayige

Pale Somanda, mjini Bariadi, yupo fundi cherehani ambaye akicheka, mashine husimama. Jina lake ni Milembe, ingawa mtaa mzima humwita Mama Lucy. Ni mwanamke mnene wa haja, ana mabega ya kubebea gunia la pamba na vidole vyepesi vinavyotia uzi kwenye sindano bila miwani. Kicheko kikimshika, miguu huacha kukanyaga, cherehani hunyamaza, na wateja walioko nje hujua kwamba ndani kuna jambo.

Lakini tangu mumewe Elia afariki, na watoto kutawanyika kila mmoja na mji wake, kicheko hicho kilikuwa kimekosa wa kukipokea. Jioni Milembe alifunga kibanda, akaenda kusonga ugali wa mtu mmoja, ambao kila mpishi anajua haukubali kusongeka vizuri, kisha akakaa kubishana na redio.

Ijumaa moja, wakati wa palizi, binti yake Lucy aliteremka kwenye basi la kutoka Mwanza, anakofanya kazi ya uuguzi. Mkononi alikuwa na kapu lililofunikwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea sato?"

"Sijaleta sato, mama."

"Basi hilo kapu lina nini?"

Kapu likapiga chafya.

Milembe aliruka nyuma, mita ya kupimia ikamponyoka shingoni. Lucy akafunua khanga, na humo ndani kikainuka kichwa cheupe chenye nywele za kusokotana, macho mawili kama vifungo vyeusi, na pua iliyolowa.

"Lucy," mama mtu alisema polepole, "umeuziwa kondoo."

"Ni mbwa, mama! Mama yake ni pudo, wale mbwa wa Kizungu wenye nywele kama sufu. Baba yake ni mbwa wa mtaani tu, wa palepale Nyakato ninakokaa. Mwenye nyumba wangu amekasirika. Ameniambia nichague moja, mbwa au chumba. Namweka tu kwako mpaka nipate nyumba nyingine."

"Unakaa naye wewe, au nakaa naye mimi?"

Kinda lilikuwa limeshatoka kapuni, limekamata ncha ya mita ya kupimia, nalo likawa linaivuta kuzunguka chumba kizima kama mpima viwanja mwenye haraka. Liliipitisha chini ya kiti, likaizungusha kwenye mguu wa cherehani, likajifunga lenyewe, likaanguka chali na kubaki hapo likitazama dari kwa mshangao. Milembe alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Likabaki.

Lucy alikuwa akimwita Kuki. Milembe alilikataa jina hilo siku hiyohiyo. "Kiumbe hai hakiitwi biskuti," alisema. Kwao, mbwa hupewa jina lenye ujumbe. Marehemu baba yake alikuwa na mbwa aliyeitwa Mtachoka, na jirani aliyekusudiwa alilazimika kulisikia jina hilo kila asubuhi mbwa alipoitwa kula. Milembe hakuwa na ugomvi na mtu, basi akachagua jina la heri. Akamwita Mhola. Kwa Kisukuma maana yake ni salama, na ni neno ambalo Msukuma hawezi kumsalimia mwenzake bila kulitia humo.

Ubaya wa jina hilo aliujua siku mbwa alipopenya uani na kuingia mtaani. Milembe alitoka mbio, mkasi mkononi, akipiga kelele, "Mhola! Mhola!" Kila alikopita watu waliinua vichwa na kumjibu kwa adabu, "Mhola duhu!" yaani salama tu. Akina mama waliokuwa wakichagua mchele waliitikia. Vijana wa bodaboda waliitikia. Mzee mmoja alisimamisha baiskeli kabisa, akavua kofia, akaanza kuuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mvua kule mashambani. Milembe alilelewa akaleleka. Alisimama akajibu salamu zote mpaka mwisho, huku akimwona mbwa wake akipita katikati ya magurudumu ya baiskeli ya huyo mzee, mdomoni ana ndala ya mtu.

Kumlea Mhola hakukufanana na kumlea mbwa yeyote aliyewahi kumwona. Mbwa wa kijijini kwao walilala nje, wakala walichokipata, na mvua ndiyo iliyowaogesha. Huyu usiku wa kwanza alitengewa gunia uani, akalia kwa sauti nyembamba kama filimbi ya refa, hadi jirani akauliza kupitia ukutani kama kuna mtoto mchanga amezaliwa. Kuanzia hapo kitanda chake kikawa sanduku la vitambaa vya mabaki chini ya cherehani. Alitoka humo kila asubuhi na kipande cha sare ya shule kimeng'ang'ania sikioni.

Nywele ndizo zilizokuwa kazi. Mbwa wengine hupukutisha manyoya. Yeye nywele zake zilizidi tu kukua kama za binadamu, na kila alipopita penye majani alirudi amebeba kishonanguo mwili mzima, vile vijimbegu vyeusi vinavyoganda kwenye sketi. Milembe alivitoa kimoja kimoja kwa chanuo, mbwa amelala mapajani, akimwambia, "Mimi ndiye fundi nguo hapa, wewe na kishonanguo chako mnaniharibia soko." Alipochelewa kuchana, nywele zilishikana mabonge magumu, na mbwa akaanza kutembea upande upande.

Ndipo alipompeleka kwa Method, kinyozi wa jirani.

"Mama Lucy, hapa ni saluni ya kiume," Method alisema, ameinua mashine ya kunyolea kama mtu anayejikinga.

"Na huyu ni mwanamume. Mwangalie."

Method alimwangalia. Wateja waliokuwa wakisubiri walicheka, mmoja akatoka kwenye kiti na kumpisha, akisema yeye hana haraka na hili hataki kulikosa. Milembe alimtuliza mbwa kwa kumshika mashavu, Method akanyoa taratibu, na mabonge ya nywele nyeupe yakaanguka sakafuni kama siku ya kuuza pamba. Alipofika mkiani Method alinogewa na kazi, akaacha kishungi cha mviringo kwenye ncha. Mhola alijitazama kwenye kioo, akaubwekea mkia wake, akaufukuza, akauzunguka hadi akaanguka. Tangu siku hiyo alinyolewa kila nywele zilipomfunika macho, na Method akamwekea mashine yake peke yake.

Daktari wa mifugo naye alimchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akampa dawa ya minyoo, akamwonyesha Milembe namna ya kukausha masikio baada ya kuoga, kwa sababu masikio yenye nywele ndani hukaa na unyevu na kuoza. "Usimpe kitunguu, usimpe mifupa ya kuku," alionya. "Na usimnyime matembezi. Hawa wana akili nyingi. Wakikosa kazi, wanajitafutia."

Hilo la kujitafutia kazi Milembe alishaliona. Mhola alijifunza kufungua droo ya vifungo. Alijifunza kumletea rula iliyoanguka, kisha akajifunza kuiangusha rula ili ailete. Mteja akija kuchukua nguo, yeye alitangulia mlangoni na kumpa mkono wa mbele. Wanawake waliokuwa wakipita tu walianza kukumbuka kwamba wana nguo za kupunguza kiuno.

Pasaka Lucy alikuja. Alikuwa amepata nyumba yenye uwanja, na mwenye nyumba mpya alipenda mbwa. Alileta kamba mpya nyekundu. Milembe alimwogesha Mhola kwenye beseni, akamkausha masikio, akamfungia kitambaa shingoni. Lucy alisimama mlangoni akimtazama mama yake anavyomchana mbwa mahali palipokwisha kuchanika.

"Mama."

"Naam."

"Umekuwa ukipika ugali mkubwa siku hizi."

"Anakula vizuri. Ugali na dagaa, na maboga kidogo. Nitakuandikia."

"Usiniandikie." Lucy alikunja kamba akaiweka juu ya cherehani. "Mimi ninafanya kazi zamu. Atakaa peke yake kutwa nzima, atakula mlango. Akae kwako."

Milembe alimkumbatia binti yake na mbwa kwa pamoja, mbwa akiwa katikati, akashinikizwa hadi akapiga chafya.

Sasa, kuna jambo moja ambalo Milembe hakumwambia mtu, kwa kuwa alidhani kila mbwa hufanya hivyo. Kila alipokanyaga cherehani kwa kasi moja, hasa akiwa anashona mshono mrefu, na akaanza kuimba nyimbo za ngoma alizozicheza usichana wake, Mhola alitoka sandukuni, akainuka kwa miguu ya nyuma, akacheza. Alizunguka, akatikisa mabega, akaenda mbele na kurudi nyuma, mikono ya mbele imening'inia kama bibi harusi anayeona haya. Mguu wa Milembe ukisimama, naye alishuka chini na kukaa.

Mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wana nafasi, kaka yake Nyanda alikuja kutoka Sapiwi na mzigo wa vitambaa. Nyanda ni mkulima, na ni manju, kiongozi wa kikundi cha ngoma alichokirithi kwa baba yao. Alikuwa anataka vibwebwe vipya vya wachezaji, na uso wake haukuwa wa sherehe.

"Mwangaluka, dada," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Nyanda. Mbona umenuna?"

"Tunacheza na kikundi cha Mzee Mayige Jumamosi. Ana chatu mpya. Mkubwa, dada, wanambeba watu wanne. Mimi nina nini? Nina vibwebwe."

Milembe alielewa. Katika mashindano yao vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu, kamba imetandazwa katikati. Watazamaji wana hiari ya kwenda upande wowote. Filimbi ya mwisho inapolia, kikundi chenye watu wengi ndicho kilichoshinda. Ndiyo maana tangu enzi za babu, wachezaji walitafuta nyoka, fisi, nungunungu, chochote cha kumfanya mtu avuke kamba.

"Pole," Milembe alisema, akaanza kushona na kuimba kidogo ili kumpoza. Mhola akatoka chini ya cherehani, akainuka, akacheza.

Nyanda alikaa taratibu juu ya mzigo wa vitambaa. Kisha akasimama. Kisha akakaa tena.

"Dada, nipe huyo mbwa."

"Simpi mtu."

"Basi njoo naye!"

Jumamosi Milembe alifika Sapiwi nyuma ya bodaboda, Mhola katikati yake na dereva, nywele zimenyolewa upya na Method, kiunoni kibwebwe chekundu kilichokatwa kwenye kitambaa kilekile cha wachezaji. Uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na wauza miwa, wauza maandazi, wazee wenye vigoda vyao, vijana wenye simu hewani. Ngoma zikaanza pande zote mbili, vumbi likapanda.

Mzee Mayige aliingia akiwa na manyoya kichwani, njuga miguuni, na usinga mweupe mkononi, ambao alikuwa akiupunga kana kwamba anayafukuza mawingu. Nyuma yake akaja chatu. Watu wakavuka kamba kama maji yaliyopata mfereji. Upande wa Nyanda wakabaki shangazi zake na muuza karanga mmoja aliyekuwa anasubiri kulipwa.

"Sasa, dada! Sasa!" Nyanda alipiga kelele.

Milembe akamweka Mhola katikati ya uwanja. Ngoma zikaunguruma. Mhola akatazama ngoma, akatazama watu, akakimbia moja kwa moja na kujificha ndani ya sketi ya Milembe. Ulibaki nje ule mkia wenye kishungi.

Upande wa pili walicheka. Mtu akasema kwa sauti, "Kondoo wenu ameogopa!"

Nyanda akashika kichwa. Milembe alisimama pale, jasho likimtoka, mbwa akimtetemekea miguuni, akifikiri. Nyumbani hakuna ngoma. Nyumbani kuna nini? Kuna mguu wake tu. Mguu wake na wimbo wake.

Hakuwa amecheza mbele za watu tangu aolewe. Alivua viatu. Akapiga mguu wa kulia chini, taratibu, kwa kasi ileile ya cherehani, akaanza kuimba wimbo aliokuwa akiuanzisha akiwa msichana katika kikundi cha baba yake. Wapiga ngoma, ambao ni wazee waliokuwa wakimfahamu, wakashusha mapigo na kumfuata. Sketi ikatikisika. Chini yake kikatoka kichwa cheupe. Mhola akasikiliza, akamtambua mwenye mguu, akainuka.

Shangazi wa kwanza alipiga kigelegele kilichofika Bariadi mjini. Milembe akaenda kulia, mbwa akaenda kulia. Milembe akazunguka, mbwa akazunguka na kishungi kikachora duara hewani. Milembe akatikisa mabega yake mapana, na Mhola naye akatikisa vibega vyake vyembamba kwa uzito uleule, uso hauna hata chembe ya mzaha. Muuza karanga akasahau karanga. Watu wakageuka mmoja, wakageuka kumi, kisha kamba ikakatika kwa jinsi walivyovuka. Hata waliombeba chatu walisogea kuona, na chatu wao begani.

"Wamemtia dawa huyo mbwa!" mfuasi mmoja wa Mayige alilalama.

"Dawa aliyopewa ni ya minyoo!" Milembe akajibu bila kuacha kucheza, na uwanja ukaanguka kwa kicheko.

Mzee Mayige hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Aliingia mwenyewe mpaka mpakani, akapunga usinga wake juu, chini, kushoto, kulia, awarudishe watu wake. Mhola aliuona usinga. Kitu cheupe, chenye nywele, kinachorukaruka, na yeye tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuleta vitu. Alishuka kwa miguu yote minne, akachapuka, akaruka, akaunyakua mkononi mwa mzee, akakimbia nao kumzunguka Milembe, umati ukimfuata huku na huko, watu wakigongana vichwa na kuombana radhi.

"Usinga wa babu yangu!" Mayige alilia. "Jamani, usinga wa babu yangu!"

Milembe aliacha kucheza. Kitu cha babu wa mtu si mchezo. Akavuta pumzi na kuita kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, "Mhola!"

Na uwanja mzima, wenye chatu na wasio na chatu, wazee kwa vijana, wakamjibu kwa pamoja, "Mhola duhu!"

Kicheko kilimshika Milembe, akakaa chini vumbini. Machozi yakimtiririka, akanyoosha kidole kwa Mayige na kusema kwa shida, "Mpelekee babu. Mpelekee." Mhola akauelewa mkono ule, maana ndio aliotumwa nao mara nyingi kwa wateja. Akageuka, akapasua umati, akavuka upande wa Mayige na usinga mdomoni, mkia juu. Umati wote ukavuka naye, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kukosa atakachofanya. Akafika mbele ya mzee, akakaa, akamwekea usinga miguuni, akampa mkono.

Mayige akaupokea mkono. Papo hapo filimbi ikalia.

Watu wakajitazama waliposimama. Wote walikuwa upande wa Mayige. Upande wa Nyanda alibaki Milembe peke yake, amekaa chini, anacheka.

"Mayige ameshinda," mwamuzi alitangaza, mwenyewe akijifuta macho.

Nyanda alifungua kinywa apinge, akamwona dada yake anavyogaagaa kwa kicheko, kitu ambacho hakuwa amekiona tangu siku za Elia, akakifunga. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na dakika hiyo hiyo wachezaji wa pande zote mbili walikuwa wameshikana wasianguke. Jioni hiyo walikula pamoja kwa Nyanda, wali na nyama, na Mhola alipitishwa kutoka paja moja hadi jingine kama mtoto wa ubatizo. Video ilifika Mwanza kabla wali haujaiva. Lucy alipiga simu akiuliza kama aliyevua viatu ni mama yake kweli.

Jumatatu miguu ya Milembe ilikuwa imevimba, akawa anashona kwa kukanyaga kidogo na kupumzika kidogo. Mlango ukafunikwa na kivuli. Alikuwa Mzee Mayige, safari hii bila manyoya, ana kuku kwapani.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Karibu ukae. Mwangalie mbwa asikushike suruali."

"Nimekuja kushonesha," Mayige alisema, akijaribu kuonekana mtu mwenye shughuli zake. "Vibwebwe vya kikundi changu. Kama vile vya Nyanda, ila rangi ya bluu." Akakohoa. Mhola alikuwa ameshakaa mbele yake na kuinua mkono, na mzee akawa anautikisa na kuutikisa tena. "Na kimoja kidogo. Cha saizi hii."

Milembe akatoa mguu kwenye kanyagio.

"Kidogo cha nani, mzee?"

"Mbwa wangu wa nyumbani ni jike," Mayige akasema kwa haraka, macho yakiwa kwenye kuku. "Mweusi, mzuri, ana mwili. Nilikuwa nafikiri, kama wewe na huyu kijana wako mtakubali kututembelea..."

Hakumaliza. Cherehani ilikuwa imenyamaza kabisa, na huko nje wateja walianza kusogea mlangoni, mmoja baada ya mwingine, kuuliza kuna nini.